Kebo Ngumu Alfajiri ya Kitale: Utoke au Usitoke?

Swali lenyewe huja kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, saa ambayo duka la spea halijafunguliwa na fundi bado amelala. Mwendeshaji wa Kiminini anatoa pikipiki nyumbani. Anashika klachi na kuihisi nzito, inakwaruza kwa ndani. Anazungusha akselereta na kuiachilia. Inarudi polepole, inakwama kidogo, kisha inamalizia safari yake. Mteja ameshapiga simu mara mbili: ana kesi Bungoma na ni lazima afike kabla ya saa tatu. Mwendeshaji anapuliza vidole na kusema ni baridi tu, italegea njiani.

Mara nyingi italegea kweli, na hapo ndipo hatari inapoanzia, kwa sababu kebo iliyomfikisha mtu jana humpa imani kwamba itamfikisha na leo. Nawaandikia watu watatu wanaokutana katika dakika hiyo: mwendeshaji, mwenye pikipiki aliyemkabidhi, na abiria anayekaribia kupanda. Msimamo wangu nautaja mapema ili msomaji aupime anaposoma. Kebo ikivutika lakini hairudi yenyewe, pikipiki hiyo haibebi mtu. Kuvutika si kipimo. Kipimo ni kurudi.

Sababu iko katika namna kebo ilivyoundwa. Ni waya wa nyuzi nyembamba za chuma zilizosokotwa pamoja, unaopita ndani ya bomba jembamba la chuma lililoviringwa na kuvishwa plastiki. Mkono wako huvuta waya, na bomba hubaki mahali pake. Kuvuta ni kazi ya vidole vyako, lakini kurudisha ni kazi ya springi iliyo upande wa pili: ndani ya kabureta, kwenye injini panapoungwa klachi, na kwenye ngoma ya breki. Springi ya kabureta, hasa, ni dhaifu sana ukiilinganisha na mkono wa mtu mzima aliyezoea kazi. Kebo inapoanza kushika kutu, mkono hushinda na springi hushindwa. Mwendeshaji mwenye nguvu anaweza kwenda wiki nzima akidhani pikipiki yake ni nzima, kwa kuwa kila anachokivuta kinavutika.

Uchakavu wenyewe huja hatua kwa hatua. Maji ya mvua huingia kwenye mdomo wa juu wa kebo, karibu na mpini, na vumbi la murram hufuata. Vyote viwili huwa tope laini linalosaga chuma kila unapovuta. Kuosha pikipiki kwa pampu ya presha huongeza tatizo, maana maji yale husukuma uchafu ndani na kutoa mafuta kidogo yaliyokuwamo. Baada ya muda uzi mmoja hukatika, aghalabu karibu na kile kichwa cha duara kinachokaa ndani ya mpini wa klachi au breki, mahali ambapo waya hupindwa mamia ya mara kwa siku. Ncha ya uzi uliokatika hujikunja na kujichoma kwenye ukuta wa bomba. Kuanzia hapo hufanya kazi ya ndoana: waya unaenda upande mmoja vizuri, ukirudi unanasa. Ndiyo maana kebo ambayo nyuzi zake nyingi bado ni nzima inaweza kuwa hatari kuliko iliyokatika kabisa. Iliyokatika kabisa haina mjadala.

Tuziangalie kebo tatu kubwa, kwa sababu hazilingani kwa uzito wa hatari.

Ya akselereta ndiyo ninayoiogopa zaidi. Katika Boxer na TVS nyingi zenye kabureta ambazo zimejaa steji zetu, kebo moja huinua kile kizibo kinachoruhusu hewa na petroli kuingia, na springi hukishusha. Kebo ikinasa katikati, injini hubaki na nguvu ile ile hata ukiwa umeachilia mkono. Mtu anayekutana na jambo hili mara ya kwanza hufanya kosa la kibinadamu: anaanza kuuzungusha mpini mbele na nyuma akijaribu kuunasua. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, pikipiki hula karibu mita 17 kila sekunde. Sekunde tatu za kuhangaika na mpini ni mita 50, na kwenye mteremko wenye kona hizo ndizo mita zote ulizokuwa nazo. Kinachotakiwa ni kuvuta klachi papo hapo, kushika breki zote mbili, kisha kuzima injini kwa swichi ya mkononi au ufunguo. Klachi kwanza. Injini itapiga kelele sana ikiwa haina mzigo. Iache ipige, gurudumu halisukumwi tena. Jizoeze ukiwa umeegesha, mpaka mkono wa kushoto ujue njia bila kuulizwa.

Ona, basi, balaa la kuwa na kebo mbili mbovu kwa pamoja. Akselereta ikinasa, mwokozi wako ni klachi. Klachi nayo ikiwa imebakiza nyuzi chache, utaivuta kwa nguvu zako zote kwa sababu umeshtuka, na itakatika siku hiyo hiyo.

Breki ya mbele ina tabia kama hiyo. Pikipiki nyingi za kazi zina breki ya ngoma mbele, inayovutwa kwa kebo, wakati ya nyuma huvutwa kwa fimbo ya chuma. Zile zenye disk mbele hutumia mafuta ya breki na hazihusiki hapa. Kebo ya breki haikatiki ukiwa umeegesha sokoni. Hukatika unapoivuta kuliko siku zote, na siku hiyo ni ile ambayo mtoto ameingia barabarani au matatu imesimama ghafla mbele yako. Hata isipokatika, kebo ngumu hukuibia: sehemu ya nguvu za mkono wako huishia kwenye msuguano ndani ya bomba badala ya kufika kwenye gurudumu, nawe unadhani umeshika breki kamili. Isiporudi vizuri, viatu vya breki hubaki vikigusa ngoma, ngoma hupata moto, na breki huanza kulegea unapoihitaji. Baada ya safari fupi, sogeza mkono karibu na ngoma ya mbele bila kuigusa. Ikiwa inatoa joto kali na hukuwa na sababu ya kushika breki sana, kuna kitu hakirudi.

Klachi wengi huiona ndogo. Wanasema, na ni kweli, kwamba mwendeshaji mzoefu anaweza kubadilisha gia bila klachi na kufika nyumbani. Lakini fikiria makutano ya Kanduyi, ambako barabara ya Mumias inakutana na ile ya Malaba. Umesimama ukingoja nafasi, gia ya kwanza imeingia, klachi umeishika, na mbele yako linapita trela la kwenda Uganda. Kebo ikikatika wakati huo, pikipiki inaruka mbele yenyewe, na huna hata nusu sekunde ya kuamua lolote. Kwa hiyo, hata kebo ikiwa mpya, ukisimama makutanoni weka nyutro na ushike breki. Ingiza gia nafasi inapopatikana, si kabla.

Barabara ya kwetu hujaribu kila kebo kwa zamu yake. Kitale iko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, Bungoma karibu mita 1,400. Kwenda Bungoma kupitia Kiminini, Kamukuywa, Misikhu na Webuye ni kushuka, kwa jumla, na kushuka ni kazi ya breki na ya akselereta inayofunga sawasawa. Daraja la Kamukuywa kila dereva wa huku analijua kwa ajali zake. Webuye unaingia barabara kuu ya Malaba, uko kati ya malori marefu, na karibu na Bukembe unaongezewa matrekta ya miwa ya kiwanda cha Nzoia, yanayokwenda taratibu huku mizigo imetokeza pembeni. Hapo unahitaji kuongeza na kupunguza mwendo kwa usahihi, nyuma ya chombo ambacho huenda hakina taa. Jioni unarudi kwa kupanda, na mvua ya upande huu hupenda kunyesha alasiri. Kebo iliyokuwa ngumu alfajiri imevutwa siku nzima, na sasa imelowa.

Barabara za ndani ni mtihani mwingine. Anayebeba vitunguu kutoka soko la Chwele, maziwa kutoka miteremko ya Cherangany au gunia la mahindi kutoka shambani Saboti hukutana na udongo mwekundu ambao ukilowa hauna huruma. Kwenye tope unaendesha kwa vidole: klachi nusu, akselereta kidogo sana, breki kwa kugusa tu. Akselereta inayokwama kisha kuachia ghafla hutoa nguvu kwa mshtuko, gurudumu la nyuma linazunguka pale pale, na pikipiki inalala na mzigo wake. Watu husema ni utelezi. Wakati mwingine ni kebo.

Sasa turudi kwenye ile kauli ya baridi. Asubuhi za Kitale ni baridi kweli, na grisi nzito iliyotiwa ndani ya kebo huganda kidogo usiku. Kutenganisha grisi na kutu ni rahisi. Vuta na kuachilia mara ishirini ukiwa umesimama. Ikiwa ni grisi, kebo italainika na kubaki laini. Ikiwa ni kutu au uzi uliokatika, ukwaruzaji utabaki pale pale, au utapungua kidogo kisha urudi ukipumzika dakika chache. Kama una shaka kati ya hayo mawili, lichukulie kuwa ni la pili.

Kuna ukaguzi ambao ningependa kila mwendeshaji aufanye, na ningependa aufanye jioni anapoegesha, si alfajiri. Nasisitiza jioni. Alfajiri una mteja anayengoja, una deni la mkopo wa pikipiki au hesabu ya mwenye chombo, una njaa, na maduka yamefungwa. Kila kitu kinakusukuma kusema itafika. Jioni, hata kama umechoka, bado kuna duka moja lililo wazi, fundi hajaenda mbali, na mteja wa kesho anaweza kupigiwa simu atafute mwingine bila kuharibikiwa na siku yake.

Injini ikiwa imezimwa, zungusha akselereta mpaka mwisho na uiachilie ghafla. Inapaswa kujifunga yenyewe kwa mlio mmoja mfupi. Fanya hivyo usukani ukiwa umenyooka, kisha ukiwa umekata kabisa kushoto, kisha kulia. Kebo nyingi hufaulu usukani ulionyooka na kushindwa usukani uliokatwa, na mwendeshaji hagundui mpaka siku anapogeuka mahali pembamba. Halafu washa injini, weka nyutro, na uzungushe usukani kutoka upande mmoja hadi mwingine bila kugusa akselereta. Mlio wa injini usibadilike hata kidogo. Ukipanda, kebo imevutwa sana au imepitishwa vibaya, na siku moja itakusukuma mbele unapojaribu kukata kona.

Kisha vuta nyuma kile kifuniko cha mpira kwenye mpini wa klachi na wa breki, umulike kwa tochi ya simu. Usipitishe kidole kwenye waya, maana uzi uliokatika unachoma vibaya. Pitisha kitambaa chepesi. Kikishika hata uzi mmoja, umeshapata jibu. Angalia pia ulegevu wa kawaida: ncha ya mpini wa klachi icheze takriban milimita 10 hadi 20 kabla ya kuanza kuvuta, na akselereta izunguke milimita 2 hadi 6 kabla ya kupandisha mlio wa injini. Kebo isiyo na ulegevu wowote haikai imefunga kabisa. Na utazame ile nati ya kurekebishia. Ikiwa imefunguliwa mpaka mwisho wa ringi zake, kebo imerefuka na imekuwa ikifichwa uzee wake wiki baada ya wiki.

Ukishaona ulichokiona, uamuzi hauhitaji kikao. Uzi umekatika kwenye akselereta au breki: pikipiki haitoki, hata kwa kwenda dukani. Sukuma, au mtume mtu alete kebo. Akselereta inachelewa kurudi katika pembe yoyote ya usukani: haitoki. Breki ya mbele ni nzito au inabaki imeshika: haitoki. Klachi ni ngumu lakini inarudi, na nyuzi zote ni nzima: nenda kwa fundi peke yako, bila abiria wala mzigo, usipitie katikati ya mji ikiwa kuna njia nyingine. Klachi yenye uzi uliokatika isukume hadi kwa fundi wa karibu. Kusukuma pikipiki mbele ya wenzako wa steji si aibu, na wenzako wanaocheka wanastahili kuambiwa hivyo.

Kuna hali moja ngumu ambayo sitaipita haraka. Vijijini kwetu bodaboda ndiyo gari la wagonjwa. Mama ameshikwa na uchungu usiku Kapsokwony au Endebess, na pikipiki iliyo karibu ni hii yenye kebo mbovu. Hapa steji yenye mpango ndiyo huokoa maisha. Kila chama cha steji kiwe na orodha ya wanaolala na pikipiki nzima na simu zilizowashwa, na familia yenye mjamzito ipewe namba zaidi ya moja mapema. Kama hakuna mwingine kabisa, na tatizo ni klachi peke yake, nenda, polepole, ukiweka nyutro kila unaposimama. Kama ni akselereta au breki, usimpakie mama huyo. Mtu anayeweza kukaa kwenye pikipiki kwa shida hawezi kuruka wala kujishikilia mambo yakiharibika. Chukua simu, amsha kijiji, tafuta gari la shamba, la mwalimu, la kanisa.

Kuhusu matengenezo, anza kwa kujua ugonjwa uko wapi. Si kila mpini mzito ni kebo. Fungua mwisho wa chini wa kebo, kule kwenye injini au ngoma, kisha vuta waya kwa mkono. Ukiteleza vizuri, kebo ni nzima na uzito unatoka kwingine: kamu ya breki iliyokauka ndani ya ngoma, mkono wa klachi wenye kutu, au kizibo cha kabureta kilichochafuka. Fundi anayebadilisha kebo bila kufanya jaribio hili atakuuzia spea isiyohitajika na kukurudisha barabarani na tatizo lile lile.

Kebo ngumu ambayo nyuzi zake zote ni nzima inaweza kutiwa mafuta. Fungua mwisho wa juu, iache ining'inie, funga kipande cha nailoni mdomoni mwake kama faneli, na utie mafuta mepesi, yale ya cherehani au mafuta mapya ya injini yaliyo mepesi. Vuta waya juu na chini mpaka yatokee chini yakiwa safi. Huenda ikachukua muda. Iache usiku kucha ukiweza. Mafuta machafu yaliyomwagwa kutoka kwenye injini usiyatumie, kwa kuwa yana unga wa chuma ndani yake. Mafuta ya taa na dizeli husafisha na kulainisha kwa siku moja, kisha hukauka na kuacha waya mkavu kuliko mwanzo. Ukishatia mafuta, rudia ukaguzi wote. Kebo iliyotiwa mafuta na bado inakwaruza imekwisha. Usiitie mara ya pili.

Ukinunua mpya, nenda na ya zamani dukani na uzilaze pamoja juu ya kaunta. Urefu wa bomba, urefu wa waya unaotokeza, na vichwa vya mwisho vyote vilingane. Iliyo fupi kidogo itavutwa kila unapokata kona, na iliyo ndefu itajikunja na kusugua. Ipitishe njia ile ile ya kiwandani, kupitia vishikio vyake. Jambo ambalo wasafiri wa mbali hulifanya na ningependa liwe desturi hapa ni kulaza kebo ya ziada ya klachi sambamba na inayotumika, ikiwa imefungwa vizuri na ncha zake zimezibwa vumbi lisiingie. Ya kwanza ikikatika Misikhu usiku, unahamisha ncha mbili tu.

Ufundi wa barabarani una mipaka yake. Kufunga waya wa klachi uliokatika kwa kibano cha skrubu ili ufike kwa fundi, sawa. Kuunga kebo ya breki au akselereta kwa fundo, hapana. Kufunga mpira wa tyubu kwenye mpini wa akselereta ili uirudishe kwa nguvu, hapana kabisa, kwa sababu mpira huo unaficha dalili pekee uliyokuwa nayo na kuacha ndoana ndani ya bomba.

Usukani nao unahusika. Steji za Kitale na Bungoma zimejaa pikipiki zilizofungwa mwavuli, bampa, kishikio cha simu na vifuniko vya mikono, na vyuma vya mwavuli mara nyingi hubana kebo kwenye shingo ya pikipiki. Mwenye kubeba mizigo naye hutundika mifuko kwenye usukani, na mifuko huzikunja kebo. Simamisha pikipiki kwa stendi ya katikati, mtu akandamize nyuma ili gurudumu la mbele linyanyuke, kisha usukume usukani kwa kidole. Uanguke wenyewe pande zote mbili. Ukisimama mahali fulani, angalia kama kuna kebo iliyobanwa. Kama kebo zote ziko huru na bado usukani unanasa katikati, gololi za shingoni zimekula mahali pake, na hiyo ni kazi ya fundi kabla ya safari yoyote ya barabara kuu.

Nina neno kwa wale wa Trans Nzoia na Bungoma wanaofanya biashara ya samaki Port Victoria au kule Turkana na kupanda maboti madogo ya injini yenye usukani wa gurudumu. Kebo ya usukani wa boti ni nene, ya kusukuma na kuvuta, na imezibwa kutoka kiwandani. Ikishaingia maji na kuwa nzito, mafuta ya nje hayafiki ndani; hubadilishwa nzima. Kabla kamba haijafunguliwa ufukweni, mwombe nahodha azungushe usukani mpaka mwisho pande zote mbili. Akilazimika kutumia mikono miwili na mwili, shuka. Ziwani hakuna pembeni pa kuegesha.

Pesa ndiyo kizuizi ambacho hatuwezi kukikwepa. Kebo ya pikipiki bei yake haifiki shilingi 1,000, na hata hivyo kwa kijana anayepeleka hesabu kila jioni hiyo ni chakula cha watoto. Maoni yangu ni kwamba kebo ni gharama ya mwenye pikipiki, sawa na bima, na iandikwe hivyo katika makubaliano siku ya kwanza. Mwenye chombo anayemwambia kijana avumilie mpaka mwisho wa mwezi ameshaamua kwa niaba ya abiria ambaye hamjui. Pikipiki ya watu wawili, mmoja mchana na mwingine usiku, inahitaji ukaguzi wakati wa kukabidhiana, mbele ya wote wawili. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kifungu cha 55, inataka chombo na sehemu zake zote zitunzwe katika hali isiyohatarisha watu. Askari akikusimamisha atauliza leseni, bima na kofia. Kebo hataivuta, na ndiyo maana kazi hiyo imebaki kwetu.

Abiria ana haki ya kuuliza, na swali lake ni jepesi. Mama anayepanda na mtoto mgongoni anaweza kusema, "Kijana wangu, hebu zungusha akselereta uiachilie nione." Kijana mwenye pikipiki nzima atafanya na kucheka naye. Atakayejibu, "Mama, usijali, itafika," amejibu swali ambalo halikuulizwa, na mama amngoje mwingine. Wazazi mnaowalipa waendeshaji kwa mwezi kupeleka watoto shule, fanyeni ukaguzi huu wenyewe kila Jumapili jioni. Hakuna anayewazuia, na mwendeshaji mwema atashukuru kuwa na mtu wa kumsaidia kumkumbusha mwenye chombo.

Wewe mwendeshaji unayesoma hii jioni, kabla hujafunga mlango, zungusha akselereta usukani ukiwa umekatwa kushoto, kisha kulia, na uiachilie. Isiporudi, mpigie mteja wako wa kesho sasa hivi umwambie atafute pikipiki nyingine.